Mbega wa Kuazima

Jamhuri ya Kivulini haimo kwenye ramani yoyote, na wananchi wake wanashukuru Mungu, maana ramani ya nchi ile ni lazima ipigwe muhuri kila mwezi, na mwenye muhuri yuko safarini. Asiyeijua na asogee karibu asikilize. Anayedhani anaijua tayari na anyamaze, asije akawaponza wenzake.

Ni nchi njema sana. Kila jambo lina wizara yake. Iko Wizara ya Mvua, ambayo hutoa kibali mvua ikishanyesha. Iko Wizara ya Mashimo. Lakini iliyopendwa kupita zote ni Wizara ya Misitu ya Watu na Wanyama wa Serikali, na jina lake lilieleza sera nzima. Mti ukiota shambani kwako ni wako: upalilie, uulinde na moto, na siku ukianguka ukuangukie wewe. Mnyama akipanda juu ya mti huo ni wa serikali. Na serikali, kama mzazi yeyote mwenye akili, haiwezi kumwacha mtoto wake alale kwa watu asiowajua.

Sasa, huko mlimani, katika kijiji cha Mkangazini, aliishi mjane mmoja aitwaye Bi. Hidaya. Marehemu mumewe, Singano, alikuwa seremala. Wawili hao waliukuta mlima una kipara, wakaupanda miti kwa mikono yao, miche kichwani, maji kwenye madebe, miaka thelathini na moja, mpaka ukawa msitu wa ekari saba wenye giza zuri na chemchemi yake. Katikati, chini ya mti mkubwa wa mkangazi, palikuwa na makaburi matatu. Moja la Singano. Mawili madogo ya wanawe pacha, waliokufa kwa surua katika wiki moja. Na pembeni mwa Singano palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Nafasi ile ndiyo ilikuwa mali yote ya Bi. Hidaya. Aliipima mwenyewe kwa kulala pale mchana kweupe, akaona inamtosha, miguu haigusi mzizi. Kila Ijumaa alipafagia. Majirani walimtania kwamba ana kiwanja tayari, naye huwajibu, "Nyie ndio mtakaozikwa kwa kubanana. Mimi nitalala na mume wangu na wanangu, kwa nafasi." Hakuwa na tamaa nyingine duniani, na tamaa ndogo namna hiyo, jamani, ungedhani hata serikali isingeiona.

*

Sheria ya Makazi ilitangazwa uwanjani siku ya sikukuu. Mheshimiwa Waziri alisimama chini ya mwavuli wa watu wanne, akakohoa, makofi yakapigwa, akakohoa tena.

"Ndugu wananchi, msitu usio na mnyama ni nini?" aliuliza. Akajibu mwenyewe, kwa sababu ratiba haikuwa na kipengele cha majibu. "Ni msitu hewa! Tumeondoa wafanyakazi hewa. Tumeondoa wanafunzi hewa. Wagonjwa hewa tumewatoa mawodini huku wakilia! Sasa zamu ya misitu!"

Sheria ilikuwa fupi na yenye upendo. Kila mwenye msitu unaozidi ekari tano alitakiwa, ndani ya siku tisini, awe na mbega mmoja anayeishi humo, mwenye afya na furaha. Ndipo apewe kitabu kinachoitwa Mpango wa Makazi. Asiye na mbega, msitu wake ungehesabiwa hewa na kupelekwa kwenye matumizi bora. Matumizi bora yalikuwa ni kiwanda cha mbao cha shemeji yake Waziri, lakini hiyo ilikuwa sadfa tu, na Wizara ilikwishatoa taarifa rasmi kuhusu sadfa.

Wapo waliouliza kwa nini mbega na si ngedere, ambao ni wengi mpaka wanaingia jikoni. Jibu ni kwamba mbega ndiye aliyechorwa kwenye nembo ya Wizara, na karatasi zilikwishachapwa. Mbega wenyewe walikuwa wamekwisha siku nyingi, tangu serikali ilipovuna msitu wake yenyewe ng'ambo ya bonde, ili kupata mbao za kujengea ofisi ya kulinda mbega.

Wenye misitu wa Mkangazini walikuwa kumi na saba. Mbega alikuwa mmoja.

*

Alikuwa jike zee, mkono wake mmoja umepooza, manyoya meupe ya mabegani yamekuwa ya njano kama shati la msafiri. Aliishi kwa Mzee Mntangi, rafiki mkubwa wa marehemu Singano. Hakuna aliyemleta. Alibaki tu, kama mgeni aliyesahauliwa baada ya shughuli.

Watu wa Mkangazini hawakuhangaika. Wao sufuria kubwa la pilau lilikuwa moja kijiji kizima. Jamvi la msiba, moja. Jeneza la kubebea maiti, moja. Hata koti la kuoea lilikuwa moja, na lilikwishaoa watu thelathini na wawili wa vimo tofauti. Mwenye shughuli huazima, akimaliza humpa anayefuata. Basi wakakaa kikao cha dakika kumi na kukubaliana kwamba mbega naye ataazimwa.

"Shemeji usiwe na wasiwasi," Mzee Mntangi alimwambia Bi. Hidaya. "Kwako ni juu kabisa, utakuwa wa mwisho. Nitakuletea mwenyewe kwa mkono wangu. Singano angenifanyia hivyo hivyo."

"Usije ukanisahau, shemeji. Mimi nina watu mle ndani."

"Nikusahau wewe? Nimsahau na mama yangu basi."

Mkaguzi aliyetumwa aliitwa Ndugu Pongwa, Afisa Makazi Daraja la Pili, kijana nadhifu mwenye soksi zinazofanana. Hakuwa akiwapa wazee shikamoo, si kwa ukosefu wa adabu, la hasha, bali kanuni ilikataza afisa aliyevaa sare kuonyesha unyonge. Alikagua misitu sita kwa siku. Gari lake lilizunguka mlima kwa barabara, nusu saa toka msitu hadi msitu. Mbega alipita njia ya mkato ndani ya tenga, amefunikwa kanga kama bi harusi, akibebwa na wanaume wawili wanaokimbia. Pongwa alipofika alimkuta mtini, anahema.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa na hatua mbili. Kwanza mbega alivishwa pete ya bati yenye namba ya msitu. Pili, kilifanyika Kipimo cha Furaha: afisa alimpa ndizi moja mbivu, naye akiila, basi ana furaha.

Katika msitu wa pili Pongwa alimkuta mbega amekwishavaa pete. Akaitazama. Akaitazama fomu. Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika pete mpya, lakini sehemu ya pete kuukuu haikuwepo. Mtu mwingine mwenye kiherehere angeuliza maswali. Pongwa alikuwa na elimu, akavisha ya pili na kuendelea. Kufikia jioni ya siku ya pili mkono mzima wa yule mnyama ulikuwa umejaa, wakahamia mguuni, kisha mkiani, na kila alipotikisika alilia kama mcheza ngoma mwenye njuga.

Kuna jambo moja ambalo Wizara haikulijua, na watu wa Mkangazini walilijua tangu utotoni. Mbega hula majani. Tumbo lake ni la majani. Ndizi mbivu humchachia ndani kama pombe kwenye mtungi, akavimba.

*

Alasiri ya siku ya tatu, Mzee Mntangi alifika kwa Bi. Hidaya akitweta, tenga begani. Walipomfunua, Bi. Hidaya alishika mdomo. Tumbo la mbega lilikuwa limekaza kama ngoma, macho yamerudi ndani.

"Shemeji, mmemfanyaje mnyama huyu?"

"Ndizi kumi na sita, shemeji. Imebaki moja tu. Mshike umpandishe, gari linakuja."

Wakampandisha kwenye mkangazi, tawi la chini, juu ya kaburi la Singano. Mntangi akaondoka kwa kuinama vichakani. Pongwa akashuka garini, akapangusa viatu, akainua uso.

"Amenona," alisema kwa kuridhika, akaandika.

"Hajanona, baba. Anaumwa. Mbega hali ndizi. Mpe majani haya hapa, utamwona anavyokula."

"Mama, Mwongozo unasema ndizi. Majani atakula kwa wakati wake binafsi." Akamvisha pete ya kumi na saba, kwenye ncha ya mkia palipobaki nafasi, kisha akamsogezea ndizi. Mbega akageuzia uso kwenye shina la mti.

Pongwa akashusha kalamu. "Hana furaha," alisema. "Asipokula, mama, siwezi kusaini. Nitalazimika kuandika msitu hewa. Nami sipendi, maana ni fomu ndefu."

Bi. Hidaya alitazama lile kaburi, na yale mawili madogo, na ile nafasi aliyoifagia asubuhi. Kisha akaichukua ndizi mkononi mwa Pongwa. Akamshika mbega kichwa, akambembeleza kama alivyowabembeleza wanawe walipokataa dawa. "Kula, mama. Kula kidogo tu, nakuomba. Nisaidie leo tu." Mbega akamtazama. Bi. Hidaya akamfungua taya kwa vidole, akaisukuma ndizi ndani, akambana mdomo mpaka akameza. Alijua anachokifanya. Tusimpambe Bi. Hidaya hapa, alijua.

"Naam!" Pongwa alichangamka. "Ana furaha sana." Akaweka karatasi kwenye goti aanze kusaini. Saini yake ilikuwa ndefu, yenye mikia. Alipofika katikati, mbega akaachia tawi na kuanguka juu ya karatasi, pete zote zikilia kwa mpigo mmoja. Alikuwa amekufa.

Nusu saini si saini. Hilo liko wazi hata kwa mtoto.

*

Kesi ilisikilizwa haraka, jambo ambalo Kivulini hujivunia. Mbega aliwekwa mezani kama kielelezo, na upande wa mashtaka ukahesabu pete kwa sauti: kumi na saba. Hapo likazuka tatizo la kisheria. Kama pete ni kumi na saba, basi Bi. Hidaya ameua mbega kumi na saba. Lakini kwa mujibu wa vyeti vya serikali, kumi na sita kati yao walikuwa hai misituni mwao, wana furaha. Hakimu alifikiri mpaka miwani ikapata ukungu, akasema waitwe majirani.

Wa kwanza akawa Mzee Mntangi, amevaa koti la kuoea.

"Shahidi, mbega wako yu hai?" Hakimu aliuliza.

Mntangi aliangalia viatu vyake. Angesema amekufa, msitu wake ungekuwa hewa kabla hajafika nyumbani. "Yu hai, mheshimiwa. Buheri wa afya."

"Umemwona lini?"

"Asubuhi hii, mheshimiwa. Alikuwa anaota jua."

"Alikuwa na pete?"

Jasho likamtiririka Mntangi mpaka kwenye kola. "Hakuwa nayo, mheshimiwa. Nafikiri... ameibiwa."

"Shemeji Mntangi!" Bi. Hidaya aliruka kizimbani. "Nitazame usoni! Si wewe uliyeniletea kwenye tenga, umemfunika kwa kanga? Si wewe uliyesema Singano angekufanyia hivyo?"

Mntangi hakumtazama. Alianza kulia pale pale, mzee mzima, kamasi na machozi, na karani akaandika kwamba shahidi amelia kwa uchungu wa pete ya serikali. Wakafuata wengine kumi na tano. Wote mbega wao walikuwa hai. Wote waliibiwa pete. Wote walitoka mahakamani kwa mlango wa nyuma.

Bi. Hidaya akaomba kusema. "Mheshimiwa, mbega alikuwa mmoja tu. Tulikuwa tunaazimana, kama sufuria. Muulize huyo afisa, yeye ndiye aliyemvisha pete zote, kwa mkono wake."

Hakimu alivua miwani. "Unaiambia mahakama hii kwamba afisa wa serikali, mwenye diploma, amemhesabu mbega mmoja mara kumi na saba?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Karani, andika. Shitaka la tatu: kumtukana afisa."

Hukumu ikasomwa kwa upole. Kwa kuua mbega mmoja, kuwavua wengine kumi na sita pete zao, na ulimi mchafu, Bi. Hidaya alistahili kufungwa. Ila mahakama ilimhurumia kwa uzee wake, ikamrudisha nyumbani. Msitu tu ndio ulitangazwa hewa.

*

Majirani walikuja kumpa pole siku hiyo hiyo. Walikuja na jamvi na lile sufuria, wakapika, wakala, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Bi. Hidaya aliwaandalia maji ya kunawa kama kawaida. Hakumsemesha hata mmoja. Mntangi hakuja, alituma kuni.

Siku chache baadaye Ndugu Pongwa naye alifika, safari hii na mkoba wa ngozi. Ilionekana kwamba maneno ya Bi. Hidaya mahakamani yalikuwa yamewafikia wahisani wa ng'ambo, ambao walikuwa wamwandalie Mheshimiwa Waziri nishani. Mbega wa Mkangazini walikuwa wameongezeka kutoka mmoja hadi kumi na sita katika siku tatu, ongezeko la asilimia elfu moja na mia tano, na hakuna nchi duniani iliyowahi kufanya hivyo. Sasa wahisani walikuwa wanauliza uliza.

"Unaweka saini hapa tu, bibi. Kwamba umewaona kwa macho yako, wako kumi na sita, wanarukaruka."

"Nikikataa?"

"Msumeno unakuja Jumatatu."

"Nikikubali?"

"Msumeno unakuja Jumatatu," alisema Pongwa, ambaye hakupenda kudanganya wazee. "Ila unaweza kuomba kitu kimoja. Nimeruhusiwa kitu kimoja."

Bi. Hidaya hakuhitaji kufikiri. "Ule mkangazi mkubwa," alisema. "Na ardhi iliyo chini yake. Usiguswe mti ule, wala pale chini pasichimbuliwe. Nataka mume wangu na wanangu wabaki walipo."

Pongwa akatoka nje, akapiga simu, akarudi anatabasamu. "Imekubaliwa! Mheshimiwa ameguswa sana. Amesema mti huo utalindwa milele." Akaandika kwa mkono wake, mbele ya mjane, kwamba mkangazi na ardhi yake na vyote vilivyomo vitahifadhiwa. Bi. Hidaya akasoma mara mbili, herufi kwa herufi, akaweka saini. Alikuwa mtu wa kweli tangu utotoni, na uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini usiku ule alilala usingizi.

*

Ekari saba za miaka thelathini na moja zilimalizwa kwa siku nne. Bi. Hidaya alikaa mlangoni, akiutambua kila mti kwa mlio wake wa kuanguka. Chemchemi ilikauka siku ya sita. Waziri alivishwa nishani siku ya saba, na sherehe ikarushwa redioni.

Katikati ya visiki ulibaki mkangazi mmoja, kama walivyoahidi. Serikali ya Kivulini hutimiza ahadi, asije mtu akasema vinginevyo.

Ijumaa iliyofuata Bi. Hidaya akachukua fagio lake, akapanda. Akakuta uzio wa waya, mlinzi mwenye bunduki, na bango: MAKAZI NAMBA KUMI NA SABA. BINADAMU, MWISHO HATUA MIA MOJA. Ndugu Pongwa alikuwepo, anasimamia upakaji rangi wa bango.

"Baba, mimi nimekuja kufagia tu."

"Haiwezekani, bibi. Ni makazi yaliyohifadhiwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba."

"Mbega wenyewe wako wapi?"

"Wanasubiriwa."

Bi. Hidaya alishika waya kwa mkono mmoja. Toka pale aliweza kuona kaburi la Singano, na majani makavu yalivyojaa juu ya yale mawili madogo. "Haya," alisema taratibu. "Nisifagie. Lakini nikifa, mtaniingiza? Pale pembeni ya mume wangu pana nafasi yangu. Nimeipima. Huo ndio mpango wangu mimi, baba, sina mwingine."

Pongwa alikuwa kijana mwenye utu. Hakumfukuza. Alifungua Mpango wa Makazi, kitabu kinene chenye jalada la kijani, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Vilivyomo ndani ya hifadhi," alisoma. "Mti, mmoja. Mizizi, mingi. Mbolea ya asili: mkubwa mmoja, wadogo wawili."

"Mbolea?"

"Ndivyo mtaalamu alivyoorodhesha, bibi. Ilibidi waingie kwenye orodha, la sivyo tungelazimika kuwatoa. Nilikuhangaikia sana." Akapitisha kidole chini ya mstari uliofuata. "Na hapa ameongeza kwamba mbolea iliyopo inatosha. Kuongeza nyingine ni kuharibu makazi. Ni kosa."

Bi. Hidaya hakulia mahakamani, wala siku za msumeno. Alilia sasa, kwa sauti, ameshika waya kwa mikono yote miwili, fagio limeanguka miguuni, akiwaita mume na wanawe kwa majina, mpaka mlinzi akamwomba Pongwa ruhusa ya kugeuka upande wa pili.

Pongwa alingoja amalize. Kisha akafunga kitabu, akaokota fagio, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Mti umeshiba, bibi," alimwambia. "Kafie kwingine."